Mwalimu Heilman na Kisima cha Ukurasa wa 312

Ijumaa, tarehe 24 Mei 2024, kengele ya mwisho itakapolia alasiri, Mwalimu Ardis Heilman atakuwa ametimiza miaka thelathini na tisa ya kufundisha fasihi ya Marekani katika Shule ya Sekondari ya Ostby, Dakota Kaskazini. Miaka yote hiyo ni darasa lilelile la kumi na moja, chumba kilekile namba 14, na kikombe kilekile cha kahawa ambacho hakuna aliyewahi kumwona akikimaliza kikiwa bado cha moto. Kamati ya sherehe iliniomba niandike wasifu wake kwa ukurasa mmoja. Kamati hainijui vizuri, na yeye haimjui kabisa.

Mimi ni Janelle Opdahl, nafundisha hesabu chumba namba 16. Tumepakana tangu mwaka 1998, na ukuta ulio kati yetu ni mwembamba kiasi kwamba wanafunzi wangu wamejifunza milinganyo huku wakisikiliza hotuba za marais, mahubiri ya mapasta wa kale, masimulizi ya watu waliotoroka utumwani, na mashairi ambayo mimi mwenyewe sasa nayajua kwa moyo bila kutaka. Nilipolalamika mara ya kwanza, alinijibu kwamba wanafunzi wake nao wamelazimika kusikia habari za pembetatu na hawajadhurika. Tangu siku hiyo tumekuwa marafiki.

Mwalimu Heilman alizaliwa kwenye shamba la ngano maili kumi na moja kusini mwa hapa, mtoto wa nne kati ya saba. Alifika shuleni Agosti 1985, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu na miwani mikubwa kuliko uso. Mkuu wa shule wa wakati huo alimpa funguo, orodha ya wanafunzi, na kabati lenye nakala arobaini za riwaya moja ya zamani ambayo hakuna aliyejua nani aliinunua wala lini. Mwandishi wake hakuwa na jina kubwa, na kitabu hakikuwahi kuchapishwa tena. Mwalimu Heilman alikisoma usiku mmoja, na asubuhi yake akatangaza kwamba darasa la kumi na moja la Ostby halitamaliza mwaka bila kukisoma.

Hadithi yenyewe ni hii. Mjane aitwaye Orpha Pell ameachiwa ekari mia moja na sitini zisizo na tone la maji. Majirani wanamwambia auze. Anakataa, anachukua sepetu, na anaanza kuchimba kisima kwa mikono yake. Kitabu kizima ni kisima hicho. Kwenye ukurasa wa 312, akiwa amefika futi sabini, anasikia kitu huko chini. Anawasha kandili, anashika kamba, anateremka. Nukta. Ukigeuza, unakutana na jalada.

Je, alipata maji au alipata vumbi? Mwalimu Heilman hakutoa jibu. Alifundisha kwamba mwandishi alimwacha Orpha kwenye kamba kwa makusudi, na kwamba huo ulikuwa ujasiri mkubwa wa kalamu. Alisema kumaliza hadithi ni kazi ya msomaji. Alilisema hilo kwa mori, akipiga meza, na kopo la chaki likaruka upande wangu wa ukuta kwa mtikisiko.

Lakini kilichoufanya mji mzima umjue si mori wake. Ni kadi. Alikuwa na kanuni moja ambayo hakuwahi kuilegeza: kila sura lazima isomwe kwa sauti kwa mtu mzima wa nyumbani, na mtu huyo aweke sahihi kwenye kadi na aandike maoni yake, hata maneno matatu. Wazazi walinung'unika mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili walianza kubishana. Baba mmoja, mchimba visima kwa kazi, aliandika kwenye kadi ya mwanawe: “Mwambieni huyu mama achimbe upande wa mashariki, anapoteza muda.” Wiki iliyofuata akaandika: “Hasikii.” Wiki ya tatu akaja mwenyewe darasani na ramani.

Kirby Feist, wa darasa la 1991, alipata taabu yake. Mama alikuwa hospitalini, baba yuko shambani na mashine ya kuvuna tangu alfajiri, na sura ya tisa ilitakiwa Ijumaa. Kirby akaingia kwenye pikapu, akawasha redio ya upepo, ile wakulima wanayozungumzia wakiwa mashambani, akamsomea baba yake sura nzima huku baba akivuna. Alichosahau ni kwamba wakulima wote wa upande ule walikuwa kwenye mawimbi hayohayo. Ijumaa alirudisha kadi yenye sahihi kumi na mbili, na wiki iliyofuata, saa ileile, sauti ya mzee mmoja ilisikika redioni ikiuliza: “Nani anasoma leo? Mimi nimezima injini.”

Ndivyo Ostby ilivyogawanyika. Kulikuwa na Watu wa Maji na kulikuwa na Watu wa Vumbi. Kwenye mkahawa wa barabara kuu, Maji walikaa upande wa dirishani, Vumbi wakakaa karibu na jiko. Mzee Verna Schock, aliyekuwa ameolewa na kufiwa na waume wawili na kulima mashamba ya wote wawili, aliongoza Vumbi kwa miaka mingi na hakuwa na huruma. “Mimi nimechimba visima vinne katika maisha yangu,” alikuwa akisema. “Vitatu vilikuwa mashimo. Msinifundishe.” Baba wa binti mmoja alimuuliza mkwe mtarajiwa swali moja tu, naye kijana, kwa kuwa alitoka mji mwingine, akajibu kwamba hajui Orpha Pell ni nani. Harusi ilicheleweshwa mpaka amalize kusoma.

Mwalimu Heilman alifanya mengi mengine, na haki yake yatajwe. Alisimamia gazeti la wanafunzi kwa miaka ishirini. Alielekeza michezo ya kuigiza kumi na saba, miwili ikiwa na farasi halisi jukwaani, mmoja kwa bahati mbaya. Kila Oktoba alimleta darasani bibi wa Kimandan, mmoja wa wenyeji wa asili wa hapa, kusimulia hadithi zilizokuwa kwenye ardhi hii kabla ya kitabu chochote, kwa sababu, alisema, fasihi ya Marekani haikushuka melini. Na kila mchezo wa mpira wa kikapu aliuza bisi dirishani, na mwanafunzi wa darasa la kumi na moja hakupewa chumvi mpaka aseme amefika ukurasa wa ngapi.

Sasa nifike kwenye mwaka 2012, kwa sababu wasifu wa mwanamke huyu ukiandikwa bila mwaka huo haujaandikwa.

Mafuta yalikuwa yamefumuka upande huu wa jimbo. Malori yalijaa barabarani, nyumba za magurudumu zilijaa kwenye uwanja wa maonyesho, na shule ilipokea watoto kutoka kila pembe ya nchi. Mmoja wao alikuwa Renelle Guidry wa Louisiana, binti wa miaka kumi na saba, ambaye baba yake alifanya kazi kwenye mtambo zamu ya wiki mbili bila kurudi nyumbani. Alipopewa kadi ya kusomea mtu mzima, hakuwa na mtu mzima. Akampigia simu bibi yake huko Louisiana na kumsomea kila jioni. Sura ya tatu haijaisha, bibi akamkatiza: “Mwanangu, kitabu hicho ninacho kabatini. Nilikinunua mnadani kabla mama yako hajazaliwa. Ngoja nikitoe, tufuatane.”

Wakafuatana mpaka mwisho. Renelle akasoma Orpha anawasha kandili, anashika kamba, anateremka.

“Endelea,” bibi akasema.

“Imekwisha, Bibi.”

“Imekwisha wapi? Mimi hapa nina kurasa nane.”

Siku iliyofuata, Jumatano, Renelle aliinua mkono darasani na kusema hadithi haijaishia pale. Nilisikia kicheko kikipenya ukutani. Baadaye nilielezwa kilichosemwa. Mvulana wa nyuma alisema: “Hawa watu wa mafuta! Wamekuja na malori yao, sasa wanakuja mpaka na kurasa zao!” Mwalimu Heilman aliwanyamazisha, lakini na yeye alitabasamu, akamwambia Renelle kwa upole kwamba labda bibi anachanganya na kitabu kingine. Renelle aliketi. Alipotoka alikwenda posta kumwambia karani kwamba anatarajia kifurushi.

Kifurushi kilifika Ijumaa, na Renelle akampelekea Mwalimu Heilman kitabu. Jumamosi asubuhi Mwalimu Heilman alinipigia simu niende nyumbani kwake. Nilimkuta jikoni, kitabu kiko mezani, jalada la kijani lilelile, kimefungwa.

“Janelle,” akaniambia, “kina kurasa mia tatu na ishirini.”

Nilikifungua nyuma. Kweli, baada ya 312 kulikuwa na 313. Nakala zetu arobaini zilitoka kiwandani zikiwa zimepungukiwa mkunjo wa mwisho wa karatasi, wenye kurasa nane, na sehemu ilipokatika palitokea nukta, na nukta ile ndiyo tuliyoifundisha kwa miaka ishirini na sita. Nikamuuliza kinachotokea. Akasema hajasoma. Alihakiki namba za kurasa tu, akafunga.

“Kwa nini?”

“Nimesubiri na watu wote hawa. Siwezi kuwatangulia.”

Ili msomaji aelewe kwa nini tulikuwa tumekaa jikoni kama wafiwa, lazima aelewe Jumanne. Jumanne ile bodi ya shule ilikuwa inapigia kura pendekezo la kufuta somo la Mwalimu Heilman na kuwaunganisha wanafunzi wetu kwa televisheni na mwalimu wa wilaya jirani. Kiti chake kingefutwa pamoja na somo. Wajumbe walikuwa watano, na watatu walikwisha kusema wazi watafuta. Mwenyekiti, Delmer Schatz, muuza mbegu, ndiye aliyeleta pendekezo. Matumaini yetu yote yalikuwa kumgeuza mmoja kati ya watatu hao kwa kuwakumbusha kisima.

Mkuu wa shule, Lyle Krenz, alipopata habari alikuja mbio bila kofia, na ilikuwa Februari. “Ardis, nakuomba,” akasema. “Funga mdomo mpaka Jumanne ipite. Jumatano tangaza hata kanisani. Ukisema sasa watasema umefundisha makosa robo karne, na watakuwa wamepata walichokuwa wanakitafuta!”

Na mimi, nakiri hapa mbele ya wafanyakazi wote, nilikuwa upande wa Lyle. Nilimwambia siku nne si uongo, ni siku nne tu. Naona haya hadi leo.

Mwalimu Heilman alituangalia wote wawili. “Yule binti alisema kweli mbele ya darasa zima,” akasema, “nikamfanya aonekane mjinga. Atakaa siku nne akiwa mjinga ili mimi nibaki na kazi? Kunywa kahawa yako, Lyle, inapoa.”

Jumanne saa moja jioni, maktaba ya shule ilikuwa na watu kama thelathini, wengi wakiwa wamekuja kwa ajili ya taa za uwanja wa mpira. Renelle alikuwepo nyuma kabisa na baba yake, ambaye alitoka moja kwa moja kwenye mtambo na buti zenye matope. Ajenda ya sita ilipofika, Mwalimu Heilman alisimama na kitabu mkononi.

“Naitwa Ardis Heilman,” akaanza, na watu wakacheka, maana nusu ya chumba aliwafundisha yeye. “Kabla hamjapiga kura, kuna jambo mnapaswa kulijua. Nimewafundisha kitabu kisichokamilika. Kina kurasa nane zaidi. Sikujua, lakini pia sikuuliza. Nilisema mwandishi alikusudia. Nilitungia hilo mitihani. Delmer, mwaka 1987 uliandika kwamba hadithi inaonekana haijaisha. Nikakupa D.”

Mwenyekiti wa bodi aliruka kitini. “Nilijua!” akapaza sauti. “Nilijua mimi! Nilimwambia mama! Akaninyima gari mwezi mzima kwa ile D!”

“Ulikuwa sahihi, Delmer. Nisamehe.”

Delmer akaketi. Mtu aliyekuja na silaha yake tayari, kisha akakabidhiwa nyingine kubwa zaidi bila kuiomba, hajui ashike ipi.

“Lakini si hilo lililonileta,” Mwalimu Heilman akaendelea. “Jumatano iliyopita Renelle Guidry aliwaambia wenzake ukweli huu. Wakamcheka. Mimi ndiye mwalimu, na mimi nilitabasamu. Renelle, nakuomba radhi mbele ya watu hawa wote. Sasa bodi, fanyeni kazi yenu.”

Akaketi. Nilihesabu sekunde kumi na mbili, kwa sababu mimi nikiogopa huhesabu. Kisha mtu upande wa magazeti akauliza, taratibu kabisa: “Kwa hiyo… alipata maji?”

Maktaba ililipuka! Watu walisimama, viti vikaanguka. Maji! Vumbi! Mzee Verna Schock alikuwa anagonga sakafu kwa fimbo. Delmer alipiga nyundo yake ya mwenyekiti mara sita, na nyundo ilipowanyamazisha wote, akaegemea mbele na kuuliza yeye mwenyewe: “Mwalimu, jibu swali. Alipata maji?”

“Sijui.”

“Hujui vipi, na kitabu unacho mkononi?”

“Sijasoma. Tena si changu, ni cha bibi yake Renelle. Muulizeni Renelle.”

Watu thelathini waligeuka kwa pamoja kumtazama binti waliyekuwa wamempita madukani miezi mitano bila kumsalimia. Renelle alisimama. Kidevu kilikuwa juu.

“Mimi nimesoma,” akasema.

“Basi sema, binti!” Delmer akamhimiza.

“Hapana, bwana. Darasani kwetu hatusemi tu. Tunasoma kwa sauti, na anayesikiliza anatia sahihi. Kama darasa litakuwepo, nitawasomea wote. Kama halitakuwepo, nitamrudishia bibi kitabu chake.”

“Eh!” baba yake akasema kwa nguvu, akijipiga paja. “Huyo ni mama yake mtupu!”

Kicheko kilichofuata hakikuwa kile cha Jumatano. Kura ilipigwa kwa kunyoosha mikono, wanne kwa mmoja, somo likabaki. Wa kwanza kunyoosha mkono wa kulibakiza alikuwa Delmer. Aliyekataa alikuwa Orville Stroh, aliyeeleza kwamba darasa la kumi na moja yeye alikuwa kitandani na homa ya tezi, na kwa kweli hajui tunapigia kelele kisima gani. Nilimkumbatia Lyle Krenz. Hatujawahi kuzungumzia jambo hilo tena.

Alhamisi ya wiki iliyofuata tulihamia ukumbi wa michezo, maana chumba namba 14 kisingetosha. Wapishi walipika supu ya maharagwe na nyama ya kusaga, pamoja na mikate mitamu ya karameli, maana kila mtoto wa Dakota anajua vitu hivyo viwili viliumbwa pamoja. Nilihesabu watu mia nne na thelathini na mmoja katika mji wa watu elfu moja na mia mbili. Maji walikaa ngazi za mashabiki wa timu ya nyumbani, Vumbi ngazi za mashabiki wa timu ngeni. Kirby Feist, ambaye sasa ni mkulima mwenye kipara, aliunganisha redio yake ya upepo na kipaza sauti kwa ajili ya waliokuwa malorini. Bibi wa Louisiana alikuwa kwenye simu iliyowekwa mezani, na mara kwa mara alisikika akiwauliza watu kama wamevaa vizuri, maana amesikia huko ni baridi.

Renelle alisoma. Alisoma kwa lafudhi yake ya kusini, polepole. Orpha anafika chini. Alichokisikia kilikuwa upepo kwenye ufa wa mwamba. Hakuna maji. Anapanda, anaketi ukingoni, na asubuhi anamuuzia shamba jirani yuleyule aliyekuwa akimcheka. Anapanda treni kwenda kwa dada yake mjini. Kurasa mbili za mwisho, nasema kweli mbele za Mungu, ni dada wawili wakichagua rangi ya mapazia.

Renelle alifunga kitabu.

Kisha Delmer Schatz alisimama katikati ya ngazi za Maji, uso mwekundu, kijiko bado mkononi. “Mapazia?” akasema. “Mapazia! Huyo si Orpha!”

“Si Orpha hata kidogo!” mchimba visima wetu akamuunga mkono. “Futi sabini, halafu mapazia? Angechimba upande wa mashariki!”

Nikageuka kuwaangalia Vumbi, waliokuwa wameshinda baada ya miaka ishirini na sita. Hakuna aliyeshangilia. Mzee Verna Schock, aliyekuwa na miaka themanini na minane, alikuwa anafuta macho kwa leso na amekasirika sana. “Nimeshinda,” akasema, “na sitaki. Mimi nilisema hakuna maji. Sikusema atauza!”

“Bibi yangu anasema mwandishi alichoka,” Renelle akasema kwenye kipaza sauti.

“Si alichoka, aliogopa!” sauti ya simu ikamsahihisha kutoka Louisiana.

Basi palichemka. Kwa saa mbili wakulima, wauguzi, madereva wa malori, wapishi, vijana wa mtambo na watoto wao walibishana na mwandishi aliyekufa zamani, kurasa zikisomwa upya, watu wakitaja sura na aya bila kutazama. Watu wa Maji na Watu wa Vumbi walikuwa upande mmoja kwa mara ya kwanza. Yule mvulana wa kiti cha nyuma alimfuata Renelle na kumwomba aione ile 313 kwa macho yake, na alipoiona akasema “Samahani” kwa sauti ya kutosha kusikika na watu wa karibu. Nilimtafuta Mwalimu Heilman nikamkuta amekaa peke yake kwenye benchi la wachezaji, anacheka na kulia kwa pamoja. Nilikaa naye. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kiasi kile, na nimehudhuria harusi nyingi.

Renelle alipita kati ya watu na kadi. Zilijaa sahihi mia nne na tatu. Wengine walikuwa wamekwenda kuwasha malori.

Tangu mwaka ule darasa la kumi na moja husoma mpaka 312, hubishana kwa wiki moja, kisha hupewa zile kurasa nane na hubishana kwa wiki mbili. Wanafunzi kutoka hapa wamekwenda vyuo vikuu wakiwa na tabia mbaya ya kumuuliza kila mwandishi ana uhakika gani. Renelle alihitimu mwaka uliofuata, sasa ni muuguzi huko kwao, na ametuahidi kuwa nasi Ijumaa. Delmer Schatz alirudishiwa alama yake. Mwalimu Heilman aliibadilisha kuwa B. Hakumpa A kwa sababu, kama kumbukumbu zilivyoonyesha, alikuwa amechelewesha kazi siku mbili.

Mwezi Machi mwaka huu bodi ilipitisha, watano kwa sifuri, kwamba kiti cha mwalimu wa fasihi ya Marekani kitaendelea, na kitakuwa cha mtu halisi anayesimama darasani. Ameajiriwa kijana aitwaye Teague Lindqvist, ana miaka ishirini na minne, na wiki iliyopita alikuja kukabidhiwa chumba. Alikuwa ameambiwa na kila mtu kuhusu mafaili ya Mwalimu Heilman, makabati matatu ya maelezo ya masomo, miaka thelathini na tisa ya maswali na majibu yake. Alifungua la kwanza, tupu. La pili, tupu. Nilikuwa mlangoni nikamwona akifungua la tatu, nalo tupu.

“Mwalimu,” akauliza, “maelezo yako yako wapi?”

“Nimeyachoma Jumapili nyuma ya nyumba.”

“Umeyachoma? Yote? Sasa mimi nitafundisha nini?”

“Vitabu vipo, watoto wapo.” Akamwekea funguo kiganjani. “Yale mafaili yalijaa mambo niliyokuwa na uhakika nayo. Utakosea, Bwana Lindqvist. Utakosea kwa miaka, na utakosea vizuri. Siku mtoto akiinua mkono kukwambia, usitabasamu. Msikilize mpaka amalize, halafu uwaambie wote.”

Kijana alizitazama zile funguo. Kisha akatoa kalamu mfukoni na kuyaandika maneno hayo kwenye kiganja, kwa kuwa hakuwa na karatasi.

Mwalimu Heilman, kwa niaba ya walimu, wapishi, madereva wa mabasi na kila aliyewahi kutia sahihi kadi yako, asante. Umetufundisha nchi yetu kwa kutufanya tugombane nayo. Tunakuombea afya, majira marefu ya joto, na siku zako zote mtu mmoja mezani wa kukwambia kwamba hapo umekosea.

Janelle Opdahl
Idara ya Hesabu